Kifuniko Chenye Tundu

Mlango wa lori ukafunguka, na mguu wa kwanza ulioshuka ulikuwa umevaa kiatu ambacho Sauti alikinunua mwenyewe dukani.

Ndiyo, wasomaji wangu. Mlionipigia simu wiki nzima mkiapa kwamba anayemwaga chupa machimboni ni mlinzi, mmekosa. Mliosema ni mume wake wa zamani, poleni na nyie. Aliyeshuka ni Breki, mdogo wake wa tumbo moja, dereva aliyepewa jina hilo kwa sababu hajui kuzitumia.

Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe. Sauti ni yule dada anayesikika redioni kila asubuhi akiitangaza sabuni ya maji ya Jani Bichi. "Rudisha chupa, ioshwe, ijazwe tena, dunia ipumue!" Watu wanaipenda sauti yake kuliko sabuni yenyewe. Kwa ajili yake mitaa mizima haitupi chupa. Wanazibeba hadi dukani, wanazitia kwenye pipa la kijani, lori lenye picha ya jani ubavuni linakuja kuzichukua, na kila mtu anarudi nyumbani akijiona ameiokoa dunia kabla ya chai.

Sasa lori hilohilo lilikuwa limeinua kitako mbele ya shimo la machimbo ya zamani, asubuhi kweupe, na chupa zilikuwa zikimiminika motoni.

"Dada! Umefikaje huku?"

Sauti hakujibu kwa mdomo. Alijibu kwa kiganja, na shavu la Breki likalia.

"Lile bati unaliona?" alifoka huku akinyoosha kidole juu ya moshi. "Unalijua ni la nani? Mama anakohoa mwaka wa pili! Tumempeleka hospitali mpaka wauguzi wanamwita shangazi. Kumbe ni wewe! Mwanawe wa kumzaa ndiye anayemfukiza kama nyuki!"

Breki alishika shavu, akamwangalia dada yake, na yeye akapandwa na hasira.

"Nipige tena. Lakini ukimaliza kwangu, jipige na wewe. Nani anayeamsha watu kila siku, rudisha chupa, rudisha chupa? Wewe unaziita, mimi nazizika. Tofauti yetu ni kwamba wewe unapigiwa makofi."

"Mimi nilijua zinaoshwa!"

"Zinaoshwa wapi? Uliwahi kukiona hicho chumba cha kuoshea?"

Sauti akakumbuka. Kila alipoomba kuonyeshwa chumba cha kuoshea aliambiwa kinapakwa rangi. Hakuwahi kujiuliza ni rangi gani hiyo isiyokauka.

"Mwanzoni walikusudia kweli, nisiwasingizie," Breki alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tulizipanga kwenye godauni mpaka zikagusa dari. Wakaja watu wa mashine, wakataja gharama za kuosha, wakaonyeshwa mlango. Siku ile Mkurugenzi akaniita. Akaniuliza, 'Kijana, kule machimboni kuna shimo au hakuna?' Nikasema lipo. Akasema, 'Basi unangoja nini?'"

"Na ukakubali."

"Kazi hii uliniombea wewe, dada. Ulimpigia magoti yule mtu kwa ajili yangu. Ningeanzia wapi kukwambia kwamba ulinipigia magoti nije kumfukiza Mama?"

Hapo hasira ya Sauti ikageuka machozi. Akamvuta mdogo wake akamkumbatia, moshi na jasho na yote.

"Leo kuna sherehe kiwandani," alimwambia. "Mkaguzi wa mazingira anakuja kuwapa nembo ya kijani. Wakiipata, sabuni yao inaingia kila duka kubwa. Utakwenda nami, utasimama mbele ya watu, utasema haya haya uliyoniambia."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza."

Breki akatazama moto. "Twende," akasema. "Nimechoka kunuka plastiki. Hata binti yangu akiniona nimerudi anakataa nimbebe."

Laiti wangeondoka dakika ile ile! Lakini Breki alirudi kuchukua koti lake kwenye lori, na kabla hajalivaa, gari jeupe la vioo vyeusi likaziba njia. Wakashuka wanaume wawili waliojaza mashati yao, na nyuma yao akashuka Mwanasheria wa kampuni na tai yake ya kijani.

"Polisi," alisema mmoja wa wale wawili. Alilisema mara moja, kwa haraka, kama mtu anayetaja jina la kuazima.

Walimgeuza Breki, wakamlaza kifudifudi kwenye bonati ya gari, wakamfunga mikono kwa utepe wa plastiki, ule mgumu wa manjano wa kufungia maboksi.

"Amefanya nini?" Sauti alipiga kelele. "Mwacheni! Mwachieni!"

Mwanasheria akatabasamu. Kuna watu wanatabasamu mpaka unatamani wangekutukana.

"Ameiba chupa za kampuni na kuzichoma ili kuharibu jina letu. Na tunakushukuru sana, dada. Bila simu yako tusingempata."

Breki alijipindua pale kwenye bonati. "Simu gani?"

Wasomaji wangu, mnaikumbuka simu ile? Juzi Sauti alipoufuata moshi kwa mara ya kwanza akaliona jani la lori kwa mbali, alimpigia nani? Alimpigia Mkurugenzi mwenyewe! Kwa moyo mweupe akamwambia, "Bosi, kuna mtu anachoma chupa zetu, kesho kutwa nitaamka mapema nikamvizie." Na bosi akamjibu, "Ahsante, binti yangu, una uchungu na kampuni."

"Dada," Breki alisema, "umeniuza?"

Walimsukuma ndani, mlango ukafungwa, gari likageuka na kumwachia Sauti vumbi la kutosha. Kampuni iliyoshindwa kuosha chupa moja kwa miaka miwili haikushindwa kunawa mikono asubuhi moja.

*

Mama alikuwa uani akiosha vyombo. Alisikiliza habari yote bila kuacha kusugua sufuria. Mkononi alikuwa na chupa ya Jani Bichi, ameipindua chini juu, anaibinya, na sabuni inatoka tone moja, tone la pili, basi.

Wanaume msiopita jikoni, hili itabidi niwaeleze. Mdomo wa chupa ya Jani Bichi ni mpana kupita kiasi. Ukifungua kifuniko na kuinamisha kidogo tu, nusu ya sabuni imekwenda na maji. Waliotengeneza wanajua vizuri walichofanya, maana sabuni ikiisha haraka utanunua nyingine. Lakini wanawake wa mjini wamewazidi akili. Unapasha sindano ya gunia jikoni, unatoboa kifuniko katikati, na tangu siku hiyo hukifungui tena mpaka chupa iishe. Hakuna jiko ninalolijua mimi lenye kifuniko cha Jani Bichi kisicho na tundu. Sabuni inayohubiri kutunza, watu wameilazimisha ijitunze.

Mama alisuuza sufuria, akaiinamisha, kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Sauti akamkimbilia, Mama akamsukuma.

"Ulimpigia simu nani?"

"Mkurugenzi, Mama."

"Yaani kuku wameibiwa, wewe ukaenda kushitaki kwa mwizi?"

"Sikujua, Mama. Wallahi sikujua."

"Na sasa anataka nini kwako? Maana mtu wa aina hiyo hakuachii hivihivi."

Kweli. Simu ilikuwa imeita njiani. Mkurugenzi alimtaka ofisini kabla ya sherehe, "kuna maneno machache ya kusoma."

Mama akajifuta mikono kwenye khanga na kumsogelea binti yake uso kwa uso.

"Nisikilize. Mimi nilikuzaa na sauti. Sikukuzaa na bei. Nenda ukamrudishe mwanangu."

Kisha akaibinya ile chupa mara ya mwisho. Ilikuwa imekwisha. Akaitia kwenye mkoba wake, akaingia ndani kuvaa viatu.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kiwandani."

"Na chupa tupu ya nini?"

"Si umetangaza mwenyewe turudishe? Mimi narudisha."

*

Ofisi ya Mkurugenzi ni ya kijani kuanzia zulia hadi kalamu. Ukutani jani, mezani jani, kwenye kikombe jani. Katikati ya majani yote hayo kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na dirisha liko wazi. Dirisha lenyewe linatazama machimboni. Mkurugenzi aliponyanyuka kumkaribisha Sauti, alivuta pazia kwanza.

"Kaa, binti yangu. Najua una uchungu. Hata mimi kijana yule nilimpenda."

"Mdogo wangu hakuiba. Ulimtuma."

Mkurugenzi hakukasirika. Alimimina maji kwenye glasi, akamsogezea.

"Wewe ni mtu mzima, tuseme ukweli. Siku hizi dunia nzima kampuni zinakwenda kijani. Wateja wanataka kuona jani kwenye chupa, sisi tumewapa jani. Wamefurahi, tumefurahi."

"Na kuosha?"

"Kuosha ni safari. Tutafika taratibu."

"Mama yangu anakohoa!"

"Nitampeleka kwa daktari wangu mwenyewe. Nembo ikitoka leo." Akamsogezea karatasi. "Kuna majirani wamepiga picha za moshi, zinazunguka kwenye simu za watu. Mkaguzi ameziona na anauliza. Mimi nikisema ni mwizi, hawataniamini. Ukisema wewe, wataamini mpaka watoto. Soma haya redioni, moja kwa moja, mbele ya mkaguzi. Jioni mdogo wako atalala kwake, na kesi itajifia yenyewe."

Sauti alisoma mistari ya kwanza. Jina la mdogo wake lilikuwa pale, na mbele yake neno *mwizi*.

"Nisiposoma?"

Mkurugenzi alitazama pazia. "Usiposoma," alisema polepole, "basi utamtafuta."

Sauti akaikunja karatasi. Akaitia mfukoni. Akasema, "Nitasoma."

Nakusikia, msomaji, unavyomtukana. Mtukane, lakini kwanza jiweke kwenye kile kiti. Ndugu yako yuko mikononi mwao, na wanachotaka kwako ni dakika mbili tu za mdomo wako. Mimi ninayejifanya shujaa hapa gazetini, sijui ningefanya nini.

*

Chumba cha kuoshea, ambacho kilipakwa rangi kwa miaka miwili, hatimaye kilifunguliwa. Na kweli kilinuka rangi. Hakikunuka sabuni hata kidogo.

Lakini kilipendeza, tusidanganyane. Matangi mawili ya chuma yaling'aa. Wasichana wanne wa makoti meupe na kofia za nywele walisimama kando yake. Katikati palikuwa na meza ndefu, na juu yake chupa za Jani Bichi zimepangwa kama mnara, chini ya kitambaa kilichoandikwa: ZIMERUDI KUTOKA KWENU.

Mstari wa mbele alikaa mkaguzi, mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo. Kando yake mkuu wa kituo cha polisi, amealikwa kama mgeni wa heshima. Kando ya mkuu, Mwanasheria na tabasamu lake. Nyuma yao wanawake wateja waaminifu, walioletwa kwa mabasi na kuvishwa vitambaa vya kijani kichwani. Mama alikuwa katikati yao, mkoba mapajani. Kitambaa alikikataa.

Mtu wa redio akainua kidole. Walikuwa hewani.

"Ndugu wasikilizaji," Sauti akaanza, na ukumbi wote ukatulia, maana ile ndiyo sauti yao ya kila asubuhi. "Kwa masikitiko makubwa, kampuni yenu ya Jani Bichi imegundua kwamba moshi mliouona machimboni ulisababishwa na dereva mmoja, ambaye... ambaye kwa tamaa zake..."

Mama alikuwa anamtazama. Hakununa wala hakulia. Alikuwa anamtazama tu.

Sauti hakuyaweza yale macho. Akayakimbia, na macho yake mwenyewe yakaangukia mezani, kwenye ule mnara wa chupa. Yakabaki pale.

Mwanasheria akakohoa kumkumbusha.

Sauti akanyoosha mkono akatwaa chupa moja ya juu. Akageuza kifuniko. Akairudisha, akatwaa nyingine. Na nyingine. Alizitwaa mpaka mnara ukaanza kuyumba.

"Binti yangu, endelea kusoma," Mkurugenzi alinong'ona.

"Samahani, bosi. Hizi chupa zimerudi kutoka kwa wateja?"

"Zote! Mikononi mwa wateja wetu wapendwa!"

Sauti akawageukia wanawake wa vitambaa vya kijani. Safari hii hakusoma.

"Akina mama, nawauliza. Kuna mtu humu ndani hajatoboa kifuniko?"

Walicheka. Kicheko kile cha wanawake waliokamatwa na siri moja. "Thubutu!" mmoja akapiga kelele. "Usipotoboa, si itaisha siku mbili!"

"Basi njooni mnionyeshe tundu," Sauti alisema, akainua chupa mbili juu. "Mimi macho yangu mabovu. Njooni!"

Hawakungoja kuitwa mara ya pili. Walinyanyuka kwa vishindo, wakaizunguka meza, kila mmoja akakamata chupa na kuigeuza. Kicheko kikafa.

"Hii haina."

"Na hii haina!"

"Jamani, hii haijawahi kukaa jikoni kwa mtu! Hii imetoka kiwandani leo!"

"Kutoboa nini?" Mkurugenzi alikuwa akimuuliza Mwanasheria. "Wanazungumzia tundu gani?"

Mkaguzi akamgeukia, miwani ikiwa imeshuka hadi puani. "Mkurugenzi, hata mimi nyumbani nimetoboa. Wewe kwako hamjatoboa?"

"Mimi... nyumbani anaosha dada wa kazi."

Wanawake wakazomea mpaka vioo vikatetemeka. Mtu anayewauzia sabuni hajawahi kushika sufuria! Lakini msimdharau yule bwana. Hakufika pale alipo kwa ujinga. Aliinua mikono yote miwili, na uso wake ukarudi.

"Akina mama! Akina mama, mnanionea! Chupa zikifika hapa tunavitupa vifuniko vya zamani, tunaweka vipya. Kwa ajili ya usafi wa watoto wenu! Hamtaki usafi?"

Zomeazomea ikapungua. Wanawake wakatazamana. Ina maana? Labda ina maana. Mkaguzi akarudisha miwani. Mwanasheria akaanza tena kutabasamu. Ile karatasi ilikuwa bado mezani mbele ya Sauti, na mdogo wake bado alikuwa mikononi mwao.

Ndipo Mama akanyanyuka.

Alipita katikati ya watu akikohoa, hana haraka. Akafungua mkoba, akatoa chupa yake tupu, imechubuka, jani limefutika nusu, kifuniko kimetobolewa katikati.

"Mimi mteja," alisema. "Nimerudisha chupa. Ioshe."

"Bi mkubwa, baadaye utaratibu wa..."

"Binti yangu ametangaza miaka miwili kwamba mnaosha. Hili si tangi? Hawa si waoshaji? Nioshee hii moja nikiona kwa macho yangu, nitakaa chini, nitakuombea dua."

Mkaguzi alisema kwa upole, "Ombi dogo tu, Mkurugenzi. Tuoneshe."

Mama akampa chupa msichana wa koti jeupe aliye karibu. Msichana akaipokea. Akatazama tangi, akatazama wenzake, akabonyeza kitufe chekundu. Hakuna kilichonguruma. Akabonyeza cha kijani. Kimya.

"Mama yangu, nisamehe," akalia. "Sisi tumechukuliwa leo asubuhi. Mimi nauza nguo dukani. Walituambia tusimame tu."

Mama akainama akatazama nyuma ya tangi. Akatazama na la pili. Akanyanyuka ameshika kiuno.

"Hamna bomba la kuingiza maji," aliutangazia ukumbi, "wala tundu la kuyatoa. Hata karo langu la uani linayo! Mmeniletea sufuria kubwa tupu!"

Hapo, wasomaji wangu, hapo ndipo Sauti alipochana ile karatasi. Mwanasheria alikuwa anampungia mkono mtu wa redio akate matangazo. Mtu wa redio akamjibu bila kugeuka, "Maikrofoni hii si ya kampuni, ni ya redio," akaongeza na sauti.

"Ndugu wasikilizaji!" Sauti alisema, na mliokuwa majumbani mtakumbuka jinsi ile sauti laini ilivyokatika kama kamba. "Mimi ndiye niliyewaambia mrudishe chupa. Mlinisikiliza. Mlizibeba juani, mkawafundisha na watoto. Zimechomwa zote! Zimechomwa machimboni, na moshi wake mmeuvuta nyinyi, na mama yangu ameuvuta. Leo wameniita nisome kwamba mdogo wangu aliziiba njiani. Haya, nawauliza. Aliziiba njiani akizipeleka wapi? Chumba cha kuoshea ndicho hiki. Hakipo! Mtu ataibaje kwenye safari ambayo haikuwa na mwisho?"

Mnara ukaanguka. Sijui nani aliusukuma, na sitauliza. Chupa zikatawanyika sakafuni, wanawake wakavua vitambaa vya kijani na kumtupia Mkurugenzi usoni, kimoja baada ya kingine, mpaka akawa kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kaeni! Kaeni!" Mkaguzi alipaza sauti. "Nembo sitoi. Hilo limekwisha. Sasa nataka kumsikia huyo dereva. Yuko wapi?"

"Polisi," Mkurugenzi alisema akihema. "Amekamatwa kihalali. Yuko kituoni."

Mkuu wa kituo akanyanyuka polepole, kofia mkononi.

"Kituo gani?"

"Chako, mkuu."

"Kwangu leo hajaletwa mtu."

Mmesikia? Someni tena. Na mliosoma kwa makini hamkungoja mkuu wa kituo awaambie. Ni polisi wa wapi anayefunga mtu kwa utepe wa maboksi?

Sauti aliuona ule utepe wa manjano palepale. Ulikuwa umefunga maboksi yaliyopangwa nyuma ya matangi, kutoka sakafuni hadi kichwani. Akakumbuka maneno ya Mkurugenzi: "Usiposoma, basi utamtafuta." Hakuwa amemtisha. Alikuwa amemwambia.

"Mwanasheria!" Mkurugenzi aligeuka. "Mwanasheria, waeleze..."

Kiti cha Mwanasheria kilikuwa kitupu. Nje, gari likawashwa.

Mama akamsogelea binti yake, akaichukua maikrofoni mkononi mwake. Hakuwahi kushika moja maishani, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika mchi.

"Nilikuwa na maneno mengi ya kukutukana," alimwambia Mkurugenzi, na mji mzima ukasikia kifua chake kikikoroma. "Yamekwisha. Limebaki moja. Mwanangu yuko wapi?"

Macho hayana adabu. Ya Mkurugenzi yalimtoroka yakaenda kwenye dirisha la upande wa machimbo, na watu wote wakayafuata.

Moshi ulikuwa unapanda upya machimboni, mweusi na mzito kuliko wa asubuhi. Chini yake, pembeni mwa shimo, lori lenye jani ubavuni lilikuwa linawaka.

Maikrofoni ilianguka sakafuni, ikabiringika katikati ya chupa mpya, na Sauti alipoigeukia, mama yake alikuwa ameshavuka mlango, anakimbia na kile kifua.